Waya Inayopeleka Habari

Bwana wangu alichukia buti kuliko alivyochukia ugonjwa. Alikuwa na sababu yake, nami sikumlaumu mwanzoni.

Kabla ya uhuru alikuwa mfuaji wa nguo kwa muzungu mmoja, katika nyumba ya simenti isiyo mbali na mto Mulongwe. Muzungu yule alimpa buti nyeusi za mpira, zinafika magotini, akamkataza kabisa kukanyaga mahali pa kufulia bila kuzivaa. Jua likiwaka hata mbwa wanatafuta kivuli, yeye yumo ndani ya buti. Mtaa mzima ulimcheka. Walimuuliza anakwenda kung'oa viazi vya bondeni au anafua shati? Jina lake halisi lilisahaulika, akawa Bwana Buti. Mimi nilikuwa nimetelemka juzi tu kutoka Rurambo, mlimani, kuja kuolewa naye, na mimi nikapata jina langu: Mke wa Buti. Nilikuwa na hasira za karibu tangu utoto, siku moja nikamwagia mwanamke maji ya kuoshea samaki kwa ajili ya jina hilo. Sijutii.

Uhuru ulipokuja, muzungu aliondoka na masanduku mawili. Alimwachia bwana wangu funguo, akamwambia alinde nyumba hadi atakaporudi. Mpaka leo hajarudi. Siku ile ile bwana wangu alizijaza buti mawe, akaenda nazo ziwani, akazitupa mbali kadiri alivyoweza. Alirudi pekupeku, mchanga kwenye vidole, akacheka kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akicheka.

"Leo miguu yangu iko huru," alisema.

Nilimpigia vigelegele. Nakiri. Nilipiga vigelegele kwa nguvu zangu zote.

Tukahamia katika nyumba ile, yeye, mimi na mama yake. Ilikuwa nyumba ya zamani. Nyaya zake zilivikwa kitambaa badala ya mpira, na kitambaa kilikuwa kimeoza, panya wamekitafuna, na mahali pengine nyaya zilizama ukutani hujui zinatokea wapi. Maji yalitoka kwenye tanki lililojengewa juu ya matofali, yakapita katika bomba la chuma ndani ya ukuta, mpaka kwenye robine, koki ya mahali pa kufulia. Kwetu umeme tunauita moto. Moto umekuja, moto umekwenda. Kwa hiyo mtu akikuambia moto uko ndani ya maji, unamwona amerukwa na akili.

Siku ya tatu bwana wangu alikwenda kunawa. Alishika robine kwa mkono uliolowa, miguu mitupu juu ya simenti yenye maji. Nilisikia sauti kama ya mbuzi. Nilipofika alikuwa chini, macho yamegeuka, mkono unatetemeka peke yake. Alizinduka baada ya muda, akasema robine imemuuma.

Imemuuma! Mama mkwe akaijaribu, ikamuuma na yeye kidogo, akaruka. Kisha akanitazama mimi. Kwa sababu mimi nilikuwa nimefua pale siku zote tatu, nimefungua na kufunga robine ile asubuhi na jioni, na haikunigusa.

Ndipo mambo yangu yalipoharibika. Mama mkwe alisema nyumba hii haikumuuma mwanawe miaka yote ya muzungu, imeanza kuuma alipoingia muntu wa mulima. Alisema robine inamjua mwenyewe. Hakusema neno mchawi mbele yangu, lakini sokoni alilisema, maana wanawake waliokuwa wakiniazima kinu walianza kuniambia kinu kimepasuka. Vinu vyote vya mtaa vilipasuka wiki moja. Bwana wangu hakunitetea. Alisema tu robine ni mbovu, akawa anakwenda kuoga ziwani. Usiku nililia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa hasira. Mwanamke akishaitwa mchawi, hatua inayofuata ni kufungiwa nguo zake na kuonyeshwa njia ya kwao.

Nilimtafuta fundi mimi mwenyewe. Alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, mfupi, sikio moja halisikii, kwa hiyo alizungumza kwa kupiga kelele, nusu Kirundi nusu Kiswahili. Zamani alifanya kazi ya kupandisha nyaya kwenye nguzo. Alifika, akafanya ishara ya msalaba, akaigusa robine kwa mgongo wa mkono, haraka, akautoa.

Alitueleza kwamba hivyo ndivyo mtu wa kazi anavyogusa kitu asichokiamini. Ukigusa kwa kiganja, moto unakaza vidole, unakishika kitu na huwezi kukiachia tena. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, mkono unajitupa nyuma wenyewe. Kisha akauliza nani haumwi. Mama mkwe akaninyooshea kidole upesi sana. Fundi hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya mpira wa gari, vile tunavyovaa mlimani kwa ajili ya mawe. Sikuwahi kuvivua, mchanga wa ziwa ulikuwa unaniunguza nyayo.

Akaniamuru nivue, nikanyage maji, niguse kwa mgongo wa mkono. Niliumwa mpaka kwenye bega. Sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Nililia machozi, nikamgeukia mama mkwe nikamwambia ameona sasa, mimi na yeye tunaumwa sawasawa.

Fundi akamgeukia bwana wangu.

"Weye ulipewa buti," alisema kwa kelele yake. "Muzungu alijua. Kubadilisha nyaya ni kazi kubwa. Kununua buti ni kazi ndogo."

Bwana wangu alitoka nje, akasimama kwenye njia akiwa ametupa mgongo. Miaka yote ile alidhani buti zilikuwa dharau. Sasa aliambiwa zilikuwa kitu kibaya zaidi. Muzungu alijua ukuta wake unaua, akapima, akaona afadhali mpira kwenye miguu ya boyi, mtumishi wake. Ungedhani baada ya hapo atatafuta buti nyingine. Ng'o! Nilimsihi, nikamtukana, nikamnunia. Alisema miguu yake ikirudi mle atakuwa amerudi na yeye. Nikamwambia basi atakufa huru. Tuliishi hivyo, mimi na viatu vyangu, yeye na ukaidi wake.

Fundi alikuwa amesema dawa ya kweli ni kung'oa nyaya zote na kuweka mpya, lakini baada ya uhuru nyaya mpya hazikuonekana dukani. Alisema afadhali kwa sasa nyumba ipewe *tere*. Maana yake ni fimbo ya shaba inayopigiliwa udongoni, na waya kutoka kwenye bomba mpaka kwenye fimbo hiyo. Shaba nayo hakuwa nayo. Ilimchukua miaka. Alirudi mwaka wa uasi, mwanzoni mwanzoni, na fimbo aliyoitoa kwenye pampu iliyokufa huko bondeni. Aliipigilia nyuma ya ukuta, pale maji machafu yanapomwagika na udongo haukauki, akafunga waya, akaniambia nivue viatu. Nikagusa. Kimya. Nikagusa tena. Robine ilikuwa baridi tu, kama chuma chochote.

Mama mkwe alitaka kujua imekuwaje. Fundi akamwelezea kwa lugha anayoiweza mama mzee:

"Moto ni muvivu, mama. Inatafuta njia fupi ya kurudi udongoni. Waya hii inapeleka habari udongoni, moto inafuata, inakuacha weye."

Laiti angesema kwa maneno mengine. Mama mkwe aliyapenda maneno yale, akatembea nayo. Kwa kila aliyempita njiani, kwenye samaki, kanisani, alisema mwanawe sasa ana waya inayopeleka habari. Nadhani kwa namna yake alikuwa ananiomba msamaha, maana kusifu waya kulikuwa kukanusha uchawi wangu. Lakini mdomo huponza kichwa, na mara nyingi si kichwa cha mwenye mdomo.

Fundi alirudi bondeni, na siku chache baadaye waasi waliingia mjini. Njia ikafungwa. Sitaeleza vita, wako wanaoijua kuliko mimi. Nitasema jambo moja tu. Ndege zilikuja zikapiga, na waasi wakaanza kuuliza nani mjini anaziita. Neno lililotembea likawa *foni*, ile redio ya kusemea mbali. Aliyekutwa na foni hakuulizwa mara mbili. Watu waliogopa hata waya wa kuanikia nguo, wakaufungua, wakaanika juu ya majani. Mimi niliuona wetu pale nyuma, unashuka ukutani, unaingia udongoni, nikamwambia bwana wangu tuufungue. Akasema tukiufungua robine itaanza tena kuuma. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu yeye ndiye alikuwa mwangalifu, nami nikamsikiliza!

Walikuja asubuhi, watano. Mkubwa wao alikuwa kijana, hakufika miaka thelathini, sauti ndogo, na miguuni alikuwa na buti nyeusi za mpira. Wale wengine walikuwa pekupeku. Hawakuuliza nyumba ni ya nani. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya ukuta, wakauona waya, mmoja akaufuata kwa kidole mpaka chini. Wakamfunga bwana wangu mikono kwa nyuma, wakamkalisha juu ya simenti ya kufulia.

Mkubwa aliuliza waya hii inafanya nini. Bwana wangu akaeleza vizuri kabisa, kama fundi alivyoeleza. Kila neno lake lilimzamisha. Inatoka wapi? Ndani ya nyumba. Inakwenda wapi? Udongoni. Inapeleka nini? Moto. Na nani anakula moto huko udongoni?

"Mama yako anasema inapeleka habari," alisema yule mkubwa taratibu. "Mama muzazi hawezi kusema mwanawe uongo."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikaa chini palepale.

Nilisema ninaweza kuonyesha. Nilisema robine hii inauma, na waya ndio unaizuia kuuma. Nikiufungua waya, mtaona. Mkubwa akafikiri, akakubali. Akasema nikionyesha, anamwachia. Kama iko uongo, bwana wangu anakufa palepale aliposhikwa.

Nikatazama taa ya barazani. Haikuwaka. Moto ulikuwa umekwenda.

Siku zile moto ulikuja na kwenda upendavyo. Pengine ulikaa siku mbili bila kuonekana. Bila moto robine haiumi, waya hauna kazi, na sisi ni waongo. Nilimwambia mkubwa tusubiri, taa ile ikiwaka ndipo nitaonyesha. Wenzake wakalalamika. Mkubwa akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema atasubiri mpaka jua lifike juu ya paa. Si zaidi.

Sijui kama umewahi kuitazama taa iliyozimika mchana kutwa. Nilijua kila alama ya inzi kwenye kioo chake. Sikuthubutu kumtazama bwana wangu kwa sababu nilijua ningepiga kelele. Nilisali sala zote za misheni, nikarudia. Jua lilisogea kwenye ukuta, likafika dirishani, likapita dirisha. Mmoja wa wale vijana alikuwa amelala. Mkubwa alichora kitu kwenye vumbi kwa kijiti, akakifuta kwa buti yake. Bwana wangu mara moja aliniomba maji, na walipokataa akasema si kitu.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kufika kwenye bati. Taa ikawaka.

Nilikimbia nyuma nikaufungua waya kwenye fimbo. Niliuvuta kwa haraka hata nikajikata. Nikarudi, nikavua viatu, nikamwaga maji chini, nikagusa kwa mgongo wa mkono. Iliniuma vibaya kuliko zamani, nikaanguka kwa goti. Nikainua uso, nikidhani imekwisha.

Mkubwa akasema hata yeye anaweza kuanguka akitaka. Wanawake wanajua kuigiza. Akasimama, akakanyaga simenti yenye maji, akaishika robine kwa kiganja chake chote.

Hakuna kilichotokea.

Aliishika akanitazama. Wenzake wakacheka. Mimi nilitazama miguu yake, zile buti, mpira mzima usio na tundu, na nikaelewa kwamba bwana wangu anakufa kwa ajili ya buti alizokataa kuvaa. Buti zile zilimwokoa yule na kutuhukumu sisi. Mmoja wao alikuwa ameshamshika bwana wangu begani, anamwinua.

Sasa fikiria nilichopaswa kusema. Wapiganaji wale walikuwa wamepewa dawa yao ya kuzuia risasi, na dawa ina miiko. Mwanamke hakuruhusiwa kuwagusa, wala kuwaamuru. Na kama angeumwa, wangesema nimevunja dawa yake. Na kama angekufa, tungekufa wote watatu na nyumba kuchomwa. Niliyawaza yote hayo, na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Vua buti," nilimwambia.

Wenzake waliacha kucheka. Hata yule aliyemshika bwana wangu alisimama.

"Vua buti, kaka yangu. Ni buti zinakulinda. Halafu usiishike. Gusa kwa mgongo wa mkono, hivi, upesi. Ukishika kwa kiganja utakufa, na minye sitaki ufe."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga risasi. Alikuwa ameacha kunisikiliza mimi, ilionekana anasikiliza kitu kingine. Akaketi tena kwenye ndoo, akavuta buti ya kulia, akavuta ya kushoto. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa unyevu. Akakanyaga maji. Akageuza mkono wake, mgongo mbele, akagusa.

Ilimtupa. Alirudi nyuma hatua tatu, akagonga ukuta, akashika kiwiko chake. Vijana wake wakainua bunduki, si kwangu, kwenye robine. Naapa, waliielekezea robine bunduki.

Aliwaambia washushe. Akaniambia nifunge waya tena. Nikavaa viatu, nikaenda nikaufunga, nikarudi. Akagusa tena, bado pekupeku, kwa mgongo wa mkono kama nilivyomfundisha. Kimya. Akagusa kwa kiganja. Kimya. Alibaki ameishika robine ile, maji yanadondoka.

"Kaka yangu mukubwa alikuwa boyi," alisema. Hakuwa akisema na sisi. "Walimukuta mahali pa kufulia, ameshika robine. Hakuna kidonda. Tulisema shangazi yetu amemuloga. Tulimufukuza na fimbo. Alivuka ziwa, hajarudi."

Akazitazama buti zake pale kando ya ndoo.

"Muzungu alimupa buti," alisema. "Siku ile nilikuwa nimeziazima minye, niende nazo kucheza mupira."

Alimfungua bwana wangu mwenyewe, kamba ilikuwa imekazwa, ikamchukua muda. Kisha akazichukua buti zake mkononi, akatoka pekupeku, na wale wengine wakamfuata bila kujua wamtazame wapi. Sikumwona tena. Sijui aliishia wapi katika vita ile, na kila ninapomkumbuka, ninamfikiria zaidi yule shangazi ng'ambo ya ziwa, amezeeka, hajui kwamba mtu mmoja sasa anajua hakufanya kitu.

Bwana wangu alibaki ameketi kwenye simenti, anasugua mikono. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nilimpiga kidogo, begani, kisha nikalia juu ya bega lilelile. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani na viatu viwili vya mpira wa gari, akavivaa, nami, kwa mara ya kwanza, nilifunga mdomo.

Lakini siku ile, tulipokuwa bado pale chini, mama mkwe aliinuka mlangoni. Alikuja polepole akishika ukuta. Akavua viatu vyake, akakanyaga maji, akafungua robine kwa kiganja, akajaza bakuli. Akainama mbele yangu, mama mzee yule, akaanza kuniosha mkono niliojikata kwa waya.

"Shangazi wao aliweza kuwa weye," alisema. "Ni minye ningekufukuza."

Nilimjibu ndiyo, mama. Ingekuwa hivyo.